Taa Zenye Adabu

Jumatatu, Machi 2

Mwalimu wa fizikia ametugawia madaftari, moja kwa kila mwanachama wa kikundi cha anga, na ametuagiza tuandike hali ya mbingu kila jioni hadi nyotamkia itakapoondoka. Amesema tuandike tulichokiona, si tulichotaka kukiona. Nimeahidi. Basi leo: mawingu upande wa magharibi, rasharasha, nyotamkia haikuonekana.

Hayo ni ya kikundi. Yanayofuata ni yangu, kwa sababu sina pengine pa kuyaweka.

Mama ameanza kujifunza kuruka usiku kwa miwani ya kuonea gizani. Yeye ni rubani wa helikopta ya uokoaji. Miaka yote amekuwa akiruka mchana, na jua likizama anakuwa wetu. Kuanzia muhula huu jua likizama ndipo zamu yake itakapoanza. Baba alisema ni hatua nzuri. Kisha akarudi kwenye cherehani yake na kushona suruali ya mteja akaufunga mguu mmoja kabisa, pakawa hapana pa kupitisha hata kidole.

Jumatano, Machi 4

Mawingu.

Alhamisi, Machi 5

Vitambaa vya Baba huja vimezungushwa kwenye mirija ya karatasi ngumu. Leo Mama amekata vipande viwili vifupi, akavifunga machoni kwa lastiki, na akaanza kuandaa meza ya chakula cha jioni hivyo hivyo.

Ametueleza kwamba miwani yenyewe iko namna hiyo. Ni mirija miwili inayoning'inia kwenye kofia ya rubani. Inachukua mwanga kidogo wa nyota na kuukuza, mpaka usiku unaonekana kama mchana wa rangi ya kijani. Lakini unaona cha mbele tu. Pembeni hakupo. Kwa hiyo kichwa hakitakiwi kutulia: kulia, kushoto, polepole, bila kuchoka, kama feni. Akavunja kikombe. Baada ya muda akavunja kingine. Baba alisema vikombe vikiisha tutajua kwamba Mama amefuzu.

Nilicheka mpaka nilipoijaribu mwenyewe. Niliona mlango, nikaona sinki, nikageuka nikaona dirisha. Nilidhani niko peke yangu jikoni. Kisha mkono ukanigusa bega, nikapiga ukelele.

"Ulikuwa hapo muda wote?" nilimuuliza.

"Muda wote," Mama akasema.

Sikupenda jinsi nilivyokuwa na uhakika kwamba hayupo.

Jumatatu, Machi 9

Imeonekana! Tulipanda Kilima cha Tangi baada ya masomo, Mwalimu mbele na tai yake shingoni kama kawaida, sisi nyuma. Juu pale pana tangi la maji la mji, uwanja mdogo wa changarawe, na mlingoti mrefu wa mawasiliano unaoshikiliwa na nyaya zilizofungwa ardhini. Jua lilipozama tukakaa kimya tukisubiri macho yazoee giza. Mwalimu haruhusu taa nyeupe. Tochi zetu zote tumezifunga kwa plastiki nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauyaumizi macho yaliyozoea giza.

Ametufundisha kwamba kitu hafifu usikikodolee. Tazama kando yake kidogo, na ukingo wa jicho utakuletea. Nilifanya hivyo, na ikaja: doa dogo la ukungu lenye mkia mfupi, juu kidogo ya paa la stendi. Rafiki yangu Nukta aliiona kabla yangu. Tunamwita Nukta kwa kuwa ni mfupi, na pia kwa kuwa mazungumzo yakimfikia yanakoma. Alisema, "Ni hiyo tu?" tukanyamaza wote.

Mimi sikuona "hiyo tu". Niliona kitu kilichotoka mbali sana kikaja mpaka kwetu.

Jumanne, Machi 10

Mtu anayekaa na Mama ndani ya helikopta amekuja kuchukua suruali zake. Kazi yake ni kumsaidia rubani kuona. Kazini wanamwita Kengele kwa sababu hanyamazi. Nilimwamkia, naye akaniambia nimwite mjomba, kwa kuwa anakaa na mama yangu saa nyingi kuliko ndugu zake wa damu. Sijamwita. Mtu mwenye mzaha kiasi hicho sitaki awe karibu na usukani wowote.

Nukta alikuwepo, tukamwonyesha tochi zetu kwa fahari. Kengele akacheka mpaka akakaa. Alisema taa nyekundu ni adui mkubwa wa miwani yao. Miwani inaipenda nyekundu kupita kiasi. Tochi zetu zikielekezwa juu, kwake ni kama jua la saa sita kupigwa usoni, na picha yote inageuka ukungu mweupe. Ndiyo maana taa za ndani ya helikopta ni za kijani na buluu, rangi ambazo miwani haizijali.

"Sigara ya mlinzi ng'ambo ya mto naiona kama moto wa kuchomea takataka," alisema. "Mkewe alidhani ameacha. Mimi najua hajaacha."

Nilipomwambia Mwalimu, aliandika ubaoni kwa heshima. Kisha akasema kwamba sisi hatuvai miwani, kwa hiyo kanuni yetu inabaki vilevile. Ana haki.

Ijumaa, Machi 13

Zamu ya kwanza ya Mama na miwani. Kabla hajaondoka alinieleza kinachomtisha rubani wa usiku kuliko vyote. Miwani inapenya ukungu mwembamba, kwa hiyo unaweza kuingia ndani ya wingu ukidhani bado uko nje. Dalili ni mbili: picha inaanza kujaa chenga kama za televisheni isiyoshika, na taa za chini zinavaa duara. Duara likikua, geuka.

Kutoka dirishani kwangu naona taa ya duka la dawa. Haina duara. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Chini nasikia cherehani ya Baba. Hana kazi ya haraka, nimeangalia meza yake.

Jumamosi, Machi 14

Amerudi. Amelala. Taa haikuwa na duara.

Jumatatu, Machi 16

Mawingu yamekaa wiki sasa juu ya mji, na kikundi hakijaona kitu. Nimefikiri jambo. Mama yuko juu, wakati mwingine juu ya mawingu hayahaya, na miwani yake inakuza mwanga. Lazima anaiona nyotamkia vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Nimemwomba anitazamie. Alisema akipata nafasi.

Jumatano, Machi 18

Alipata! Alinyoosha mkono akanionyesha kwa ngumi, kama tunavyopima mbingu kikundini: mkia ni ngumi mbili kwa urefu, umepinda kidogo mwishoni, na kichwa chake kinang'aa kama tone. Sisi kwa macho matupu hatukuona hata nusu ya ngumi. Mwalimu alisoma taarifa yangu mbele ya darasa zima, akaniuliza kama Mama anaweza kuendelea kutuletea. Nikasema bila shaka.

Duara: dogo sana.

Ijumaa, Machi 20

Nimemwomba tena. Nilimwomba aangalie kama mkia umegawanyika.

Jumapili, Machi 22

Natamani nisingeomba.

Mchana Kengele alikuja kwa Baba kurekebisha mshono uliopinda. Siku hizi kila anayeshonewa jioni za zamu ya Mama anarudisha nguo. Mimi nilikuwa nyuma ya mapazia yanayosubiri wenyewe, nikipasi. Hawakujua. Kengele alianza kusimulia kama anavyosimulia kila kitu, kwa kicheko. Ijumaa walikuwa wakirudi wakiwa chini kidogo, kwenye bonde lenye nguzo za umeme. Miwani haionyeshi waya. Inaonyesha nguzo, na wewe ndiye unayetakiwa kujua kwamba kati ya nguzo na nguzo kuna waya. Yeye akataja nguzo ya kushoto. Akasubiri Mama aitaje ya kulia, kwa kuwa huo ndio utaratibu wao. Mama hakuitaja. Alikuwa amegeuza kichwa magharibi.

"Nikasema waya, waya, panda," Kengele alisema. "Akapanda. Tumbo langu bado liko kule bondeni, nitalifuata siku nikipata likizo."

Baba hakucheka. Alisimamisha cherehani. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, alikuwa anatazama nini.

Kengele akasema hajui.

Mimi najua. Nilikuwa nimeshika pasi, na nimeunguza pazia la mtu.

Jumatatu, Machi 23

Nilimngoja Mama aamke. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka yote mara moja na kwa mpangilio mbaya. Nilimwambia asiitazame tena, hata kidogo, hata ikigawanyika mara kumi.

Alikaa kitandani akanivuta. "Wewe uliomba," alisema. "Aliyegeuza kichwa ni mimi. Usijibebeshe shingo yangu."

Nilimuuliza kama Baba anajua. Alisema alimwambia mwenyewe asubuhi. Kumbe ndiyo maana vikombe vipya viko mezani na mirija ya karatasi iko juu yake. Amerudi kufanya mazoezi, na safari hii Baba ndiye aliyemfunga lastiki.

Jumanne, Machi 24

Mawingu. Mwalimu aliuliza habari za mkia. Nilisema Mama ana kazi.

Alhamisi, Machi 26

Mvua. Taa ina duara kubwa kama sinia. Hakuitwa, namshukuru Mungu.

Jumapili, Machi 29

Mvua. Duara.

Jumanne, Machi 31

Mto umepanda. Mama alitoka jioni kuwatoa watu juu ya paa la ghala, akarudi karibu alfajiri. Nilisikia lango nikashuka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini akitazama viatu vyake. Aliniomba nimfungulie kamba. Nilidhani amechoka, mpaka nilipoona mikono yake. Alikuwa ameikalia ili itulie.

Sikujua kwamba Mama anaogopa. Nilidhani woga wote wa nyumba hii tumegawana mimi na Baba.

Nilimuuliza ni nini kilichotokea. Alisema hakuna, kazi ilikwenda vizuri, watu wote wametoka. Ila wakati wa kurudi waliingia kwenye ukungu, picha ikajaa chenga, na kwa muda mfupi Kengele akanyamaza.

"Akisema nguzo, najua kuna nguzo," alisema. "Akisema hakuna kitu, najua hakuna kitu. Akinyamaza, najiona niko peke yangu ndani ya mrija."

Nilikumbuka jikoni, na mkono begani. Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi ya Kengele. Sikuwahi kufikiri kwamba kelele zile zote ni kazi. Mzaha unabaki midomoni kwa sababu midomo haikutakiwa kupumzika usiku kucha.

Nilimfungulia kamba, nikamsaidia kuvua soksi. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya mtu mwingine.

Ijumaa, Aprili 3

Mjomba Kengele alipita kuchukua suruali. Nilimwita hivyo. Aliangalia nyuma yake kuona nani ameitwa.

Jumanne, Aprili 7

Mvua.

Jumatano, Aprili 8

Mvua. Duara. Ameitwa. Amerudi.

Jumapili, Aprili 12

Mvua kidogo. Mwalimu anasema nyotamkia sasa inaondoka, kila siku inafifia, na tukipata jioni moja ya wazi tuishukuru. Nilijikuta natamani mvua iendelee, ingawa ni dhambi kwa watu wa bondeni. Sitaki kuiona. Kila nikiifikiria naona kichwa cha Mama kimegeuka magharibi.

Ijumaa, Aprili 17

Naandika Jumamosi asubuhi, lakini haya ni ya Ijumaa. Mwalimu alisema tuandike tulichokiona. Nitajitahidi.

Mchana mbingu zilifunguka. Mwalimu akasema ni leo au basi. Tulivuka daraja la chini tukapanda kilima, wanafunzi wachache tu waliopata ruhusa, mimi na mabuti yangu ya mvua, kwa kuwa njia ilikuwa tope. Nilikwenda kwa sababu Nukta alisema kama nyotamkia inakwenda zake, angalau tuisindikize.

Giza lilipoanza kuingia, Nukta alitaka kuiona kabla ya wote. Alipanda kwenye ukuta wa zege unaozunguka tangi, ambao Mwalimu alikuwa ametukataza. Ulikuwa na ukoga, unateleza. Nilisikia sauti kama ya gunia linalodondoka, kisha sikusikia kitu. Nukta, ambaye huwa anamaliza mazungumzo, hakusema neno. Kisha akalia, na kilio chenyewe kilikuwa kama si chake.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Sitaandika zaidi. Mwalimu alivua tai akaifunga juu ya jeraha na kuikaza, mikono yake ikawa myeusi kwenye mwanga wa tochi. Akampigia simu mtu wa kituo cha dharura. Gari la wagonjwa lilifika darajani na likasimama. Mvua ya milimani ilikuwa imeteremka nyuma yetu, daraja lilikuwa chini ya maji. Tuliziona taa za gari kule chini zikimulika mto.

Mtu wa kituo alisema helikopta inakuja. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikakaa kwenye changarawe karibu na kichwa cha Nukta. Nilijua nani ana zamu.

Nilitazama taa za mji. Zote zilikuwa zimevaa duara jembamba. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni.

Mwalimu akawaita wote na tochi zao. Akawapanga duara kuzunguka uwanja, akawaambia wakisikia mlio wazielekeze juu ili rubani atuone. Ni watoto wema, walisimama wamenyooka kama kwenye gwaride. Nikaona duara lote la nyekundu likielekea mbinguni.

Sijawahi kumkatalia Mwalimu. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Samahani, Mwalimu. Zitamuumiza."

"Nyekundu haiumizi macho," alisema, bila hasira, akiwa bado ameshika tai.

"Yetu haiyaumizi. Yake itayaumiza. Amevaa miwani."

Mlio ulikuwa tayari unasikika, mbali, nyuma ya tangi. Mwanafunzi mmoja akasema tukizima atatupita, tutabaki hapa na Nukta atakufa. Aliyasema hayo Nukta akiwa anasikia. Nami niliwaza hivyohivyo. Niliwaza: kama nimekosea, nimemuua rafiki yangu. Kisha nikawaza: kama niko sahihi na sikusema kwa nguvu, nimemuua Mama.

"Kengele alituambia nyumbani kwetu," nikasema. "Uliandika ubaoni, Mwalimu."

Akanitazama. Uso wake haukuwa wa mtu anayejua kila kitu, ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu kama mimi. Akasema, "Zimeni. Zote."

Zikazimika. Sijawahi kuona giza la namna ile. Mtu alianza kulia pembeni yangu, sikujua ni nani.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mlingoti. Nguzo ataiona. Nyaya hataziona, na zimeenea kutoka juu mpaka ukingoni mwa uwanja, upande uleule mlio unakotokea. Nilivua mabuti. Nikachukua tochi yangu na ya Nukta, nikazitumbukiza kila moja ndani ya buti lake, kichwa kikitazama soli, ukabaki mwanga mwekundu mdogo tu mdomoni mwa buti, kama kaa la moto linalokaribia kufa. Moja nikaliweka chini ya mlingoti. La pili nikakimbia nalo pekupeku mpaka pale waya wa mwisho unapofungwa ardhini. Nikamwomba Mwalimu awaambie watu wa simu: kuna taa mbili ndogo, kati yake kuna nyaya. Aliyarudia neno kwa neno, mara mbili, kama imla.

Kisha hatukuwa na la kufanya. Mlio ulikuja juu yetu, mkubwa, ukajaa kifuani, na sikuona kitu. Upepo ukatulaza. Niliulalia uso wa Nukta ili changarawe isimpige. Nilisikia mlio ukisogea upande wa nyaya. Nikafumba macho. Nilisema maneno ambayo nadhani ni ya sala, lakini yalikuwa ni "kushoto, Mama, kushoto, Mama".

Mlio ukasimama mahali pamoja. Ukarudi nyuma. Ukazunguka. Ukashuka.

Mjomba Kengele alitoka ameinama, miwani imeinuliwa juu ya kofia. Alifanya kazi na Nukta bila mzaha hata mmoja. Walipombeba nilishika machela mpaka mlangoni, na hapo akanitazama miguu, kisha uso, akanitambua. Alinigusa kichwa kwa glavu.

Mama hakutoka kwenye kiti chake. Hawaruhusiwi. Nilimwona kwa mwanga hafifu wa kijani, kofia na mirija miwili, kichwa kikigeuka kulia, kushoto, polepole, kama jikoni. Kikaja upande wangu. Nilisimama pale pekupeku, binti yake, mbele ya macho yake. Kichwa kikapita juu yangu, hakikusita, kikaendelea mpaka kwenye mlingoti, kikarudi.

Sijawahi kufurahi kiasi kile kwa kutokutazamwa.

Wakaondoka. Ukungu ukazifunika taa zao. Mtu mmoja alisema taratibu, "Ile pale," maana nyotamkia ilikuwa imejitokeza magharibi katika uwazi mdogo. Sikuinua kichwa. Nilitazama upande mlio ulikokwenda mpaka haukusikika, na baada ya hapo simu ya Mwalimu iliishiwa chaji, kwa hiyo hatukujua kama wamefika. Tulikaa tumegandamana chini ya tangi. Mwalimu aliniwekea koti lake miguuni. Alisema nilimfundisha jambo, na kwamba anaomba msamaha kwa kuniacha nilirudie mara mbili.

Maji yalishuka kabla ya alfajiri. Tulipovuka daraja, Baba alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye jiwe, na tepu yake ya kupimia bado shingoni. Nilimwona akisimama. Sikuthubutu kuuliza.

"Wamefika," alisema kabla sijamfikia. "Wote wamefika."

Jumatatu, Aprili 20

Tumeruhusiwa kumwona Nukta hospitalini. Wamemtia vyuma mguuni. Amesema sasa ataitwa Mkato, kwa kuwa amekatika lakini sentensi inaendelea. Nilicheka nikalia.

Mjomba Kengele alikuwa pale. Sasa amerudia kelele zake zote. Amesema walipokaribia kilima aliona kwanza mwanga mwingi mwekundu kwa mbali, akamwambia Mama wageuke, hawawezi kushuka kwenye tanuri. Kisha ghafla giza. Halafu taa mbili.

"Nikamwambia mama yako, kuna taa mbili zenye adabu zake hapo chini. Zimeinamisha macho. Akasema, basi pita mbali nazo."

Nilimuuliza zilionekana lini hasa. Alinyamaza kidogo, na ukimya wake nimekwisha kuujua. Kisha akasema zilionekana mapema kiasi cha kutosha. Sikuuliza tena.

Mwalimu ameyarudisha mabuti yangu. Ameyaosha, ndani na nje, na kuyajaza magazeti yakauke.

Alhamisi, Aprili 23

Mbingu wazi. Nyotamkia haionekani tena kwa macho. Mwalimu amekusanya madaftari. Nimempa karatasi za hali ya hewa tu. Hizi nimezichana na kubaki nazo.

Jumapili, Aprili 26

Mama hakuwa na zamu. Jioni alinipeleka kazini kwake. Mjomba Kengele alitufungulia, akanivalisha kofia ya Mama nje ya banda la helikopta. Ni nzito, na ina harufu ya nywele zake. Akanishushia miwani.

Nilipiga kelele kidogo. Nyota zilikuwa nyingi mpaka anga lilikosa nafasi. Mama alinielekeza: juu ya paa, kidogo kulia, shuka. Nikaiona. Imekuwa ndogo, alama ya kidole kwenye kioo, mkia mfupi umelala upande mmoja. Inakwenda zake. Iliniogopesha msimu mzima, nayo haikujua.

Niligeuka nimwonyeshe Mama. Hakuwepo. Palikuwa na lami ya kijani, banda la kijani, na mbele ya hapo giza la kijani lisilo na mwisho. Nilijua yuko. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, na bado moyo ulinipasuka.

"Mama?"

"Niko hapa."

"Endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Unachokiona. Chochote."

Akaanza, kwa sauti ya kazini, sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Nguzo ya taa kushoto, iko mbali. Paa mbele, hakuna waya. Binti yangu karibu, amesimama vizuri. Upande wa kulia hakuna kitu. Nikageuza kichwa polepole, kulia, kushoto, nikairudia nyotamkia, naye akaendelea kusema.